Sogea Kidogo

Jua la nchi ile lilikuwa na haraka ya kutoka kazini. Saa kumi na moja jioni haijafika, giza limeshakaa barabarani, na Mbishi, ambaye hata siku moja nzima hajaimaliza tangu ashuke kwenye ndege, alikuwa akizunguka madukani kutafuta kichwa cha plagi. Chaja yake ilikuwa na miguu mitatu, ukuta wa chumba chake ulikuwa na matundu mawili. Simu imebaki asilimia nne, na kwao watu walikuwa wamekaa wakisubiri neno moja tu: nimefika.

Mbishi halikuwa jina lake la kwenye vyeti. Bibi yake ndiye aliyempachika, siku alipogoma kula mpaka aelezwe kwa nini kaka zake wanapakuliwa kwanza. Jina likamganda. Na tuseme kweli, bila ubishi asingefika huko. Aliomba nafasi ya kusomea upimaji ardhi mara tatu. Mara mbili wakamkatalia kwa barua. Mara ya tatu akaipeleka fomu kwa mkono wake mwenyewe, akakaa kwenye benchi la ofisi siku nne, mpaka mwenye muhuri akachoka kumwona. Sasa amefika, amepewa chumba na funguo, na alikuwa amejiapiza kwamba haondoki bila cheti. Wa kumtoa hapo hajazaliwa, alijiambia.

Plagi aliipata duka la nne, kwa kuonyeshana vidole na muuzaji. Akarudi bwenini mbiombio, mikono kwapani kwa baridi. Ngazi zilikuwa na mwanga hafifu na harufu ya sabuni ya kudekia. Alipofika ghorofa ya pili akamkuta mwanamke amesimama peke yake, begi chini, na blanketi la kijivu limekunjwa mikononi.

"Mdogo wangu," yule mwanamke akasema. "Wewe ndiye umetoka nyumbani leo?"

Kiswahili. Tangu uwanja wa ndege Mbishi hakuwa amekisikia. Alitaka kumkumbatia mtu asiyemjua.

"Ndiyo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni wa ghorofa ya tatu. Nimemaliza miaka yangu mitatu, narudi nyumbani. Gari langu liko chini." Akanyoosha mikono. "Baridi ya hapa haina adabu. Pokea hili."

Mbishi alitia plagi mfukoni, akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Blanketi lilikuwa zito kuliko alivyotarajia.

"Umepokea?"

"Nimepokea, dada. Asante."

"Umepokea kweli?"

Mbishi akacheka. "Nimepokea. Si hii hapa mikono yote miwili?"

"Sema tena basi, nisafiri moyo ukiwa mweupe."

"Nimepokea."

Yule dada akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo. Akainua begi, akateremka. Pale chini akasimama. Akageuza kichwa nusu tu.

"Eti, mdogo wangu... mlango wa nje ni kulia au kushoto?"

"Kushoto, dada," akajibu Mbishi, aliyefika asubuhi ile.

Aliingia chumbani kwake akitabasamu. Swali lile lilimjia tena baadaye, wakati anapiga mswaki. Miaka mitatu, na mtu hajui mlango wa nje. Akasema ni mawazo ya safari, akalala.

Jumatatu wanafunzi wapya wa upimaji walipangwa mstari, kila mmoja akapewa kofia ngumu, daftari la vipimo na utepe wa chuma wa mita tano. Mwalimu wa vipimo, mzee mwenye kikohozi, aliwaambia jambo moja tu siku hiyo: usiandike unachodhani, andika ulichopima. Mbishi akaona huyu ndiye mwalimu wake hasa.

Alirudi chumbani saa kumi na nusu, mwili wote bado uko kwao, kichwa kizito. Akajitupa kitandani na viatu. Blanketi la kijivu lilikuwa limekunjwa miguuni. Dirishani mwanga ulikuwa ukitoka taratibu.

"Sogea kidogo."

Akasogea.

Hapa inabidi tumwelewe. Mbishi amekulia kitanda kimoja na dada zake wawili na binamu mmoja. Nyumba ya namna hiyo, ukiambiwa usingizini "sogea kidogo," hufungui macho, huulizi ni nani. Unajikunja, unampisha mwenzio, usingizi unaendelea. Ni heshima, na ni mazoea ya mifupa. Kwa hiyo alisogea, akasikia godoro likizama upande wa ukutani, akalala zake.

Kisha akakumbuka kwamba chumba kile kina mtu mmoja.

Alifungua macho. Alikuwa ukingoni kabisa, mguu mmoja uko nje. Blanketi halikuwa miguuni tena. Lilikuwa limetandazwa upande wa ukutani, na katikati limevimba. Kadogo hivi, ukubwa wa mtoto mchanga.

Likapanda.

Likashuka...

Likapanda.

Mbishi alilivuta kwa nguvu zote. Chini hapakuwa na kitu. Palikuwa na shimo tu pale godoro lilipobonyea, na joto, na harufu ya nywele zilizolowa mvua. Alijishika kichwa. Nywele zake zilikuwa zimesukwa, kavu.

Mwingine angepiga kelele bweni zima likatoka. Mbishi alikuwa na utepe mpya wa chuma na hasira ya mtu aliyeamshwa. Akalipima lile shimo kabla halijainuka. Sentimita hamsini na nne. Akaandika kwenye daftari: Jumatatu, 54.

Jumanne akaandika 72. Jumatano, 90. Kila siku ni saa ileile ya giza kuingia, usingizi uleule wa safari unamkaba, sauti ileile chini ya sikio. Sogea kidogo. Na kila siku, kabla hajaamka vizuri, alikuwa ameshasogea. Kwenye simu alimwambia mama yake kwamba anaota ndoto mbaya. Mama akamwambia ni uchovu wa ndege, anywe maji mengi.

Alhamisi mambo yakatoka nje ya chumba.

Darasani mwalimu wa vipimo aliita majina. Akaita la jirani yake wa kushoto, akaita la jirani yake wa kulia. La kwake akaliruka. Mbishi alinyoosha mkono, mwalimu akamtazama muda mrefu huku akikohoa, akatafuta kwenye karatasi, akasema samahani, wino umefifia. Mchana alikwenda maktaba. Ile milango ya vioo inayojifungua yenyewe haikufunguka. Akarudi nyuma, akasogea mbele, akapunga mikono kama mwendawazimu. Ikaja kufunguka alipopita kijana mmoja mwenye begi, na yule kijana akampiga kikumbo asiombe radhi, kana kwamba amepita penye uwazi.

Alirudi bwenini amefura. Akalichukua blanketi, akalipeleka kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya jengo, akafunga mfuniko na kuukalia dakika tano nzima.

Giza lilipoanza kuingia, mlango ukagongwa. Alikuwa msimamizi wa bweni, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni na miwani ya kuninginia.

"Binti, vitu vizima havitupwi kwenye taka," alisema kwa lugha ya kule. "Kama hulitaki, toa kwa wenzako. Hili ni lako, lina namba ya chumba chako."

Kwenye pindo la blanketi palikuwa pameshonwa namba, kwa uzi mweusi. Mshono wa kurudi nyuma, mbilimbili, wenye fundo la ndani. Bibi yake Mbishi ndiye aliyemfundisha mshono ule. Hakuwahi kuona mtu mwingine akiushona, na yeye hakuwa na sindano chumbani.

Hiyo jioni aliandika 108.

Ijumaa akaamua kutorudi. Akakaa maktaba, penye watu na taa, juu ya benchi refu karibu na rafu za ramani. Alijibana ngozi ya mkono ili asisinzie. Kope zikamshinda kwa dakika mbili, si zaidi.

"Sogea kidogo."

Alishtuka akiwa ameshasogea. Alipapasa mbao pembeni yake. Zilikuwa na joto. Na harufu ile, nywele mbichi, ilikuwa imekaa hapohapo mabegani pake. Aliporudi chumbani, shimo lilikuwa kwenye godoro likimsubiri. 126.

Akakaa sakafuni na daftari, akafanya hesabu ambayo alikuwa akiikwepa wiki nzima. Kila siku kumi na nane. Alifungua kiganja chake, akakipima kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Kumi na nane kamili. Shibiri yake mwenyewe. Akajipima urefu wake mlangoni, kwa kalamu na utepe. Mia moja sitini na mbili, yaani shibiri tisa. Jumamosi kitu kile kitafika shibiri nane.

Jumapili kitalingana naye.

Alijua kitakachofuata, ingawa hakuna aliyemwambia. Mwalimu hatalitafuta jina lake kwenye karatasi. Milango haitafunguka. Na mtu mwingine atavaa ile kofia ngumu, atashika utepe wake wa chuma, atapiga simu nyumbani na kusema mama, sijambo. Mbishi alihisi hofu mpaka kwenye meno. Chini ya hofu kulikuwa na uchungu mwingine, mkali zaidi. Nafasi ile aliikalia benchi siku nne.

Jumamosi asubuhi alishuka ofisini kwa msimamizi. Alisimama mbele ya meza muda mrefu kabla yule mama hajainua macho.

"Dada wa ghorofa ya tatu, aliyeondoka Jumapili," Mbishi alisema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Msimamizi akavua miwani. "Mtu mzuri. Mcheshi. Miaka mitatu sikusikia kesi yake." Akafikiri. "Wiki ya mwisho ndiyo aliniacha na maswali. Alikuwa anagonga mlango wa chumba chake kabla ya kuingia. Namuuliza, kuna nani ndani? Ananicheka. Siku moja nimemkuta anasoma jina lake mwenyewe kwenye sanduku la barua, taratibu, kama mtu anayejifunza."

"Nina shida ya kumpata."

"Aliniachia namba ya mama yake, kama kutatokea barua." Akaandika kwenye kikaratasi. "Wewe hujambo lakini? Hueleweki usoni leo."

Jioni ile Mbishi hakulala. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, taa zote zinawaka, utepe mkononi kama rungu. Giza likakaa dirishani. Bomba la maji ukutani likalia, likanyamaza.

"Sogea kidogo," sauti ikasema nyuma yake.

Na Mbishi akapiga hatua moja pembeni, kama unavyompisha mtu mlangoni.

Hatua moja. Kwa adabu kabisa. Aliitazama miguu yake kama miguu ya jirani. Kisha akageuka kitandani, akaona blanketi limeinuka tangu kwenye mto hadi karibu na mwisho wa kitanda, na lina mabega sasa, lina nyonga. Akapima. 144.

Ndipo alipokaa chini na kulia, na katikati ya kilio akamkumbuka baba yake. Baba alikuwa na jirani mwenye ua wa michongoma. Kila msimu wa kulima jirani aliung'oa ua na kuupanda shibiri moja upande huu. Baba akawa anasema mwache, shibiri ni nini, tutagombana na watu kwa shibiri? Miaka kumi na minne. Siku alipokwenda kutazama, ua ulikuwa umefika dirishani kwake. Hakuna aliyemnyang'anya. Alitoa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa upole wake. Hiyo ndiyo sababu Mbishi aliomba upimaji mara tatu.

Kitu kile hakikuwa kimemsukuma hata mara moja. Kiliomba, naye akatoa. Alifuta machozi kwa kiganja. Alikuwa amekasirika sasa kweli kweli, na hasira ilimfaa kuliko blanketi lolote.

Jumapili mchana ukaja mtihani ambao hakuutarajia. Chumba cha pili kilipata mtu. Mgeni mwembamba, wa famasia, viza ilimchelewesha wiki nzima, na alitoka nyumbani kabisa, kwa Kiswahili chake na viatu vyake vya wazi. Alikuwa akitetemeka mpaka maneno yanakatika. Alimtazama Mbishi kwa kukunja macho, kama anayetafuta kituo cha redio.

"Dada... ni dada, eh? Samahani, macho yangu yamechoka. Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Huna blanketi la ziada? La kuazima tu. Nimeona la kijivu hapo kitandani kwako."

Mbishi alisimama mlangoni. Ilikuwa rahisi namna ile. Aseme pokea, amuulize mara tatu, mtoto wa watu apige goti ajibu nimepokea. Kesho mwalimu angeliita jina lake kwa sauti. Alikiri moyoni kwamba alitaka. Mkono wake ulikuwa umeshafika kitandani na vidole vimeshashika pindo.

"Lile halitoki," akasema. Sauti ilimtoka nzito. Akavua koti lake, koti pekee alilokuwa nalo, akamtupia mabegani. "Vaa hili. Usiseme umepokea. Nimekuvalisha mimi. Na kuanzia leo, mtu wa hapa akikupa kitu chochote, mwambie weka mezani, nitachukua mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada. Kwa nini?"

"Wewe sikia tu kwanza."

Alifunga mlango kwa ufunguo. Saa kumi na robo. Akavua viatu, akavipanga. Akalitandaza blanketi kitandani, akapanda, akalala chali katikati kabisa, mikono ameitandaza, kisigino kimoja ukingo huu na kingine ukingo ule. Kitanda kizima. Kama ni ugomvi, basi leo mambo yatakwisha.

Mwanga ukatoka. Harufu ikaingia.

"Sogea kidogo."

"Sisogei," akanong'ona Mbishi.

Ukutani bomba likagonga mara moja.

"Sogea kidogo," ikasema sauti ya mama yake, ile ya asubuhi, iliyojaa usingizi.

"Sisogei."

Godoro likaanza kuzama upande wa ukutani. Mbishi aliuhisi mwili wake ukitaka kuteleza kwenda kwenye ule mteremko, akashika vyuma vya kitanda kwa mikono yote miwili. Kitu kilimgusa bega. Baridi, mbichi.

"Mbishi..."

Sauti hiyo hakuwa ameisikia kwa miaka sita. Aliisindikiza kaburini kwa mikono yake.

"Mjukuu wangu, Mbishi wangu. Mgongo unaniuma. Sogea bibi alale."

Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. Hakuna kitu duniani alichotaka kuliko kusogea. Angempisha bibi yake kitanda, chumba, chuo chenyewe. Alifungua mdomo, na kwa muda hakujua ni neno gani litakalotoka.

"Bibi yangu ndiye aliyeniita Mbishi," alisema. "Angekuwa yeye, angejua sisogei."

Kuzama kukakoma.

Kisha chini ya blanketi mtu akaanza kulia. Kilio cha kawaida, cha msichana, cha kuvuta kamasi. Mbishi hakuwa amejiandaa kwa hicho. Mzimu akikutisha unajua la kufanya, lakini huyu alilia kama mtu aliyefeli mtihani.

"Wewe ni nani?"

"Wa ghorofa ya tatu."

"Wa ghorofa ya tatu ameondoka wiki iliyopita. Nimepokea blanketi mkononi mwake."

"Si mimi niliyekupa."

Mbishi alifikiri upesi. Usiandike unachodhani. "Ukishuka ngazi, mlango wa nje ni upande gani?"

"Kushoto," sauti ikajibu hapohapo. "Na kitasa kinakwama. Unakinyanyua kwanza ndipo unasukuma. Msimamizi kila mwaka anasema atakitengeneza."

Ilikuwa kweli. Mbishi mwenyewe alikuwa amekijulia Ijumaa.

"Nilipewa blanketi hili mwezi uliopita," sauti iliendelea, polepole, kama anayezungumza kutoka chumba cha pili. "Nikapokea. Jioni nikaambiwa sogea, nikasogea. Kwetu tulikuwa watano kitandani... Siku ya nane nimeamka humu ndani. Wiki ikapita, nikamsikia mtu anafunga begi langu. Anaimba kwa sauti yangu."

"Na aliyekupa alipewa na nani?"

Blanketi likajikunja kidogo. Pengine hakujua. Pengine alijua.

"Nisogelee basi," ile sauti ikaomba. "Nimebakiza shibiri moja. Nataka kwenda nyumbani tu."

Hapo Mbishi alimwonea huruma mpaka kifua kikauma, na hakusogea. "Mimi nikienda humo, wewe utakwenda kwetu, si kwenu. Utakula kwenye sahani yangu na mama yangu atakuangalia usoni. Hapana. Nafasi hii nimeipigania. Siitoi kwa wizi, na kwa kilio pia siitoi." Akavuta pumzi. "Lakini sikutupi, na simpi mtu mwingine. Subiri."

Aliinuka, akawasha taa, akauvuta utepe wa chuma kutoka kichwani mwa kitanda hadi miguuni, akaufunga. Kitanda kilikuwa na upana wa sentimita tisini. Akauweka kwenye arobaini na tano kamili, akahakikisha pande zote mbili, akaandika kwenye daftari.

"Mpaka ni huu. Huko kwako, huku kwangu. Siku ya kuvuka hakuna."

Blanketi likatikisika. Kisha, taratibu, kile kiwiliwili kikajikunja kikarudi ukutani, nyuma ya utepe, kikatulia. Mbishi akakaa upande wake. Aliisikia damu ikirudi usoni.

"Naomba kitu kimoja," sauti ikasema. "Nipigie mama. Nimsikie tu."

Namba ilikuwa mfukoni, kwenye kikaratasi cha msimamizi. Mbishi alipiga, akaweka sauti kubwa, akailaza simu juu ya utepe. Ililia mara nne. Akapokea mwanamke, na nyuma yake zilisikika sufuria na maji yanayochemka.

"Haloo?"

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka chuoni kwa binti yako. Kuna mtu hapa anataka kukusalimia."

"Chuoni? Binti yangu alisharudi, mwanangu, wiki sasa. Huyu hapa mlangoni ananitazama."

Chini ya blanketi sauti ikasema neno moja, dogo, lile ambalo mtoto humwita mama yake akiwa nyumbani tu. Mbishi hakulijua, na hatalirudia kwa mtu.

Maji yaliendelea kuchemka. Mbishi alisikia kijiko kikiwekwa chini, pole pole.

"Mwanangu," yule mama akanong'ona mwishowe. "Basi huyu niliye naye jikoni ni nani?"

Na nyuma yake, karibu kabisa na simu, sauti changamfu, sauti ileile ya kwenye ngazi, ikasema:

"Mama, sogea kidogo nikae."

"Usisogee," Mbishi akasema. "Mama, unanisikia? Usimpishe."

"Nimekuwa nikimpisha tangu alipokuja." Mama bado alinong'ona. "Nimekaa hapa mwisho kabisa wa benchi. Hata sijui nimefikaje." Alipozungumza tena hakuwa akiisemea simu, na wala hakunong'ona. "Sisogei. Kaa upande wako."

Mbao za benchi zikalia, namna zinavyolia mtu wa pili anapokaa, na pumzi za mama hazikuhama karibu na simu.

Mbishi hakuikata simu.